Matanga ya Pompi ya Kapata

Wewe unayeshika karatasi hii, uliona. Usikatae. Siku ile walipomburuta mtu barabarani wakimwita kabwalala, ulisimama nyuma ya pazia. Ulisikia tairi linaviringishwa. Ulijua linapelekwa wapi. Ukafunga dirisha, ukaongeza sauti ya redio, na jioni ukauliza majirani, "Kule kulikuwa nini?" kama mgeni aliyeshuka jana.

Kabwalala ni jina letu la mwizi wa usiku. Ni neno dogo, lakini limechoma watu ambao hawakuiba hata sindano. Na kabwalala wa kweli, siku hiyo, alikuwa amesimama nyuma ya umati akinyoosha shingo aone vizuri.

Basi leo soma. Kama umeanza kusoma juzi, soma polepole, hakuna anayekufukuza. Hii ni habari ya mama mmoja wa Kapata, mtaa wa wachimba shaba mjini Kolwezi. Mara ya kwanza alifunga pazia. Mara ya pili hakulifunga.

Jina lake ni Mama Kabedi. Anakaa katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Nyumba hizo zimepangwa safu kwa safu, zote sawa. Mlevi akirudi jioni huhesabu milango kwa kidole. Mabomba ya zamani yalikauka miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo watu wa safu yake walichimba kisima kirefu. Wakaweka pompi ya umeme. Wakaijengea kijumba cha matofali chenye mlango na kufuli. Kila asubuhi wanawake wanapanga bidoni, madumu yao ya njano, mbele ya kijumba hicho, na hapo ndipo habari zote za Kapata zinapoanzia.

Aliyetunza pompi ni Muamba, fundi wa umeme, mume wa Tatiana. Tatiana ni binti wa Mama Kabedi. Babu yake Muamba aliletwa kutoka Kasai, jimbo jingine, kuchimba shaba. Muamba mwenyewe alizaliwa mwaka wa 1993 kwenye gare, yaani stesheni ya treni ya Kolwezi, juu ya godoro. Mwaka ule watu wa Kasai walifukuzwa hapa, na mama yake alikuwa akingoja treni pamoja na wengine. Alipokuwa mkubwa alirudi kutafuta kazi. Akiulizwa alizaliwa wapi, husema, "Mi ni mutoto ya treni. Treni ilichelewa, mi nikafika mbele yake." Watu hucheka. Mama Kabedi hacheki.

Hacheki kwa sababu anakumbuka. Wakati ule alikuwa bibi arusi mchanga. Jirani yake, Mama Tshilombo, alipita na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na mawe yakimfuata. Akatazama dirisha la Mama Kabedi. Alitazama tu, hakuomba kitu. Mama Kabedi alivuta pazia. Wewe unasema hayo yamepita. Yeye hajaweza kusema hivyo, na mimi pia siwezi.

Wiki mbili kabla ya mambo ninayosimulia, polisi mmoja mwanamke alikuja kuongea na watu katika ukumbi wa parokia. Jina lake ni Mignonne. Kazi yake si kusimamisha magari barabarani. Kazi yake ni kusoma alama: alama za vidole, alama za viatu, alama za chuma juu ya chuma. Watu walioitwa walikuwa mamia. Waliokuja walikuwa tisa, na wawili kati yao walilala. Mama Kabedi mwenyewe aliingia kwa sababu mvua ilianza kunyesha na ukumbi una paa. Alikaa nyuma, akimenya karanga mapajani.

Mignonne alieleza kwamba mahali penye uovu pana ushahidi mwingi, lakini ni ushahidi mdogo mdogo. Unywele. Tope la kiatu. Jasho la kidole juu ya kioo. Watu mia wakipita hapo, wakafagia na kupiga deki, ushahidi wote umekwenda na maji machafu. Ndipo polisi inabaki na maneno tu, na maneno hununuliwa.

Mama Kabedi akainua mkono wenye maganda ya karanga. "Lakini mama polisi, bakiniibia, majirani batakuya kunipa pole. Nibapokee mu uchafu?"

Mignonne alifikiri. Swali hilo hakuwa amefundishwa kulijibu. Kisha akauliza, "Mama, kwa kilio, kwenu munafagiaka?"

"Hapana. Tunangoja siku ya kuondoa matanga. Ile siku njo tunafagia."

"Basi bwizi ukifika, fanyeni kama kwa kilio. Musifagie."

Kabla ya kuondoka aliandika namba ya simu kwa chaki kwenye mlango wa ukumbi. Mvua iliifuta usiku uleule. Lakini Mama Kabedi alikuwa ameishika kichwani. Yeye anajifunza kuandika katika darasa la watu wazima, na alitafuta kila nafasi ya kujionyesha. Alipofika nyumbani aliichora ukutani mwa jikoni kwa kipande cha makaa. Saba yake ilianguka kidogo upande mmoja, lakini ilikuwa saba.

Ikafika Jumamosi. Jua lilipotoka, Mama Kabedi alikuwa wa kwanza kufika kwenye kijumba, na beseni lake la buluu kichwani. Aliona kufuli chini, limekatwa. Aliona mlango wazi. Waya mnene wa shaba uliotoka kwenye pompi kwenda kwenye nguzo haukuwapo. Kilichobaki ni kipande kifupi kinachotokeza kwenye pompi, kama mkia wa panya kwenye shimo.

Kitu cha kwanza kilichomjia ni kupiga kelele. Akaziba mdomo kwa mkono. Akatazama chini. Mbele ya mlango, pale bidoni zinapodondosha maji, tope lilikuwa laini, na katika tope kulikuwa na alama moja ya kiatu, safi kabisa. Akashusha beseni, akalipindua, akaifunika. Kisha akapiga kelele.

Habari ilikimbia safu nzima kabla uji haujachemka. Watu walikuja na taulo mabegani, na miswaki mdomoni. Nani anajua umeme hapa? Muamba. Nani alifungua kijumba jana? Muamba. Nani ana pense, yaani koleo, na vifaa vya kukatia? Muamba. Mara moja yalitoka maneno ya zamani, yale yaliyokuwa yamelala tangu gare. Mtu mmoja alisema hawa watu ndivyo walivyo. Mwingine akaitika. Hakuna aliyeuliza "hawa" ni nani. Wote walijua.

Muamba alitoka nyumbani akiwa amevaa suruali na fulana ya ndani, bado ana usingizi. Mechack alimkamata shingoni. Mechack ni kijana wa pikipiki, mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Mkono mmoja ulimshika Muamba. Mwingine ulikuwa na bidoni ndogo ya esanse, petroli aliyoitoa kwenye pikipiki yake.

"Mutoto ya treni," Mechack akasema, "leo treni imefika."

Ulikuwa mzaha uleule wa Muamba mwenyewe. Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi.

Wakati huohuo Mama Josée, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekuja na ufagio. Mkuu wa mtaa ataitwa, alisema, na haifai akute uchafu. Alikuwa ameinama tayari. Ufagio ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye beseni.

Mama Kabedi alitazama huku, akatazama kule. Huku ufagio, kule esanse. Yeye ni mama wa miaka zaidi ya hamsini, ana magoti mabovu, na watu walikuwa zaidi ya sitini. Alimnong'oneza Tatiana, "Kimbia kwa jikoni. Soma namba, piga simu." Kisha akavua kitambaa cha kichwa. Akajifunga kitenge kiunoni. Akaketi chini, katika tope, mbele ya mlango wa kijumba, miguu imenyooka. Akaanza kulia kilio cha maiti.

"Pompi, ee pompi. Unaenda bila kuaga. Nani atanawisha batoto? Pompi ya mayi baridi, unatuachia nani?"

Vichwa viligeuka. Mtu mmoja alikohoa. Mama Josée alisimama wima na ufagio wake, mdomo wazi.

"Kabedi," akauliza, "unalia nani?"

"Nalia pompi. Imekufa. Hapa ni kilio. Leka ufagio, Josée. Tangu lini tunafagia mbele ya kuondoa matanga?"

Mama Josée alitazama ufagio. Alitaka kucheka, tumbo lilikuwa linamtetemeka. Lakini kilio ni kilio, na ni nani anayetaka kuwa wa kwanza kukivunja? Akauweka ufagio ukutani. Akaketi kando ya mwenzake, akashika shavu, akaitikia: "Ee pompi." Wa tatu akaketi. Wa nne akaleta mkeka. Kwa muda mfupi wanawake kumi na tano walikuwa wamekaa chini kuzunguka kijumba, wengine wakilia kwa mchezo, wengine wakilia kwa kweli, kwa sababu mtu akianza kulia hakosi wafu wake wa kulilia. Na hakuna mguu uliopita tena mbele ya mlango.

Mechack alibaki amesimama na shingo ya Muamba mkononi. "Mama, munalia chuma?"

"Tunalia mayi. Weye hukukunywaka yake?" Mama Kabedi hakuinua hata kichwa. "Kama unataka kupiga mutu kwa kilio, piga. Sikukatazi. Lakini unajua kifo inafuataka nani ku nyumba."

Kila mtu anajua. Anayepiga mtu mahali pa kilio anaita kifo cha pili, na kifo hicho kinakuja kwake. Mama mzazi wa Mechack alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa. Alinyoosha mkono, akamvuta mwanawe kwa suruali. "Ikaa chini," akasema. Mechack akaketi. Muamba akaketi pia. Wanaume wakaleta viti, kama ilivyo desturi.

Tata René naye alikuja na kiti chake. Tata René ni mtu mzima, anakaa mwisho wa safu, mtu wa kuazima watu vifaa na kutoa ushauri. Alikuwa amevaa ndala. Mama Josée, machozi bado shavuni, hakuweza kujizuia. Alisema Tata René hata kwa misa ya Noeli anavaa buti za mpira. Leo vidole vyake vimetoka kuota jua? Watu wakacheka. Tata René akacheka pia, akavuta miguu chini ya kiti.

Mignonne alifika kwa pikipiki na polisi wenzake wawili. Alikuta umati wa watu umekaa kimya kama kanisani, na mlango wa kijumba hakuna aliyeukaribia. Alisimama. Alisema baadaye kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kukuta mahali palipotunzwa hivyo.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Pompi," wakajibu wote.

Sasa sikiliza jinsi kazi ile inavyofanywa, usije ukasema hukuambiwa. Kwanza walifunga utepe kuzunguka mahali pote. Mignonne akavaa glavu. Akapiga picha kabla ya kugusa chochote, na katika kila picha aliweka rula ndogo, ili kesho asitokee mtu wa kubishana juu ya ukubwa. Aliandika saa. Aliandika nani aliingia. Kisha Mama Kabedi akamwonyesha beseni. Alipoliinua, watu waliinuka kwenye viti ili waone. Alama ya kiatu ilikuwa pale, nzima. Ilikuwa ya buti, na kwenye kisigino kulikuwa na kiraka chenye mistari mitatu mipana na tundu mbili za misumari. Mignonne akakoroga plasta na maji, akaimimina taratibu. Ilipokauka aliinua kisigino kizima, cheupe, kama mkate unaotoka kwenye chombo chake. Watu walipumua kwa pamoja.

Halafu akaenda kwenye kile kipande cha waya. Akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Akamwita Mama Josée aje atazame pia.

"Mama, hii shaba imekatwa lini?"

Mama Josée alikuwa amezaliwa juu ya shaba. Hakuhitaji kioo. "Leo. Inang'aa nyekundu. Ya wiki moja ingekuwa imeshapata weusi."

"Njo vile. Na shaba ni laini. Chuma ikiiuma, meno inabakia. Kila pense iko na meno yake, sawa na mutu. Haiko pense mbili zenye kuuma namna moja."

Watu wote walimgeukia Muamba. Muamba alisimama. Alikwenda mpaka nyumbani, polisi mmoja akiwa nyuma yake, akarudi na sanduku lake la kazi. Akalifungua mbele ya watu wote.

"Pense yangu ni hizi mbili," akasema. "Zipime hapa. Kila mutu aone."

Tatiana alifumba macho. Fikiri wewe mwenyewe. Kama kioo kile kingesema vibaya, utepe wa polisi usingemzuia Mechack.

Mignonne alichukua kipande cha waya wa aina ileile. Akakata kwa koleo la kwanza, kisha kwa la pili, akaandika kila kipande kimekatwa na nini. Makoleo ya Muamba yalibana shaba kutoka pande mbili, yakaacha ukingo katikati kama mgongo wa paa la nyumba. Waya uliobaki kwenye pompi haukuwa na mgongo. Ulikatwa upande mmoja kama kwa mkasi mkubwa, na ndani ya mkato kulikuwa na mstari mmoja ulioinuka, mahali ambapo jino la chuma limevunjika. Akampa kioo Mama Josée. Akampa mama yake Mechack. Mwisho akampa Mechack mwenyewe. Mechack alitazama muda mrefu, na hakusema kitu.

Kisha Mignonne akauliza swali moja la kawaida kabisa. "Usiku wa leo, umeme ulikuwako?"

Watu walitazamana. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa mchana mpaka alfajiri. Basi kukata waya ule hakukuhitaji fundi. Hata mtoto angeukata. Watu sitini walikuwa wamekaa gizani usiku mzima, na hakuna aliyekumbuka.

"Musiniambie sasa Muamba ni malaika," Mignonne akasema. "Mi sijue nani aliiba. Hii nimeona hapa ni mwanzo. Itapimwa tena kwa darubini kubwa, na mwenzangu atapima bila mi kumuambia nimeona nini. Lakini yule mwenye esanse, nimeandika jina yake. Kuchoma mutu ni kuua, hata mukiwa mia."

Kile kipande cha waya alikikata kutoka upande wa pili, pale kwenye pompi, akaupaka mkato wake mwenyewe rangi nyekundu ili usichanganywe na wa mwizi. Akakitia katika bahasha ya karatasi, akaifunga, akaandika juu yake. Mama Kabedi alitia sahihi kama shahidi. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na watu wakangoja. Muamba alikwenda kutoa maelezo, akarudi kabla ya jua kuzama.

Ukifikiri hapo yaliisha, huijui Kapata. Kesho yake minong'ono ilirudi. Mechack, aliyenyamaza mbele ya kioo, alipata tena sauti mbali nacho. Alisema polisi wamehongwa. Najua kwa nini watu walimsikiliza. Mimi pia nimesimamishwa barabarani na polisi wanaotafuta kosa mpaka walipate. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini ukiwa na hasira na polisi mbaya, unamchoma fundi wa umeme? Tatiana alianza kufunga nguo katika mfuko. Muamba alikuwa hatoki tena peke yake. Mama Kabedi aliuona ule mfuko, akaona godoro la Mama Tshilombo.

Akaenda kwa wanawake wenzake, akasema matanga hayaondoki mpaka maji yarudi. Wakakubali. Kila siku, mchana na usiku, wanne au watano walikaa pale kwa zamu, wakichambua maharage na kusuka nywele, macho yao juu ya safu nzima. Na pua zao pia. Kila mtu hapa anajua harufu ya mpira wa waya unaochomwa ili shaba ibaki tupu. Wiki ile, katika safu ile, hakuna aliyethubutu kuwasha moto wa namna hiyo.

Siku ya tano Mignonne alirudi kwenye ukumbi wa parokia. Mara hii viti havikutosha. Alisema darubini imethibitisha: makoleo ya Muamba hayakukata waya ule. Kisha akainua picha ya kisigino chenye kiraka. Akauliza nani anakijua. Hakuna aliyejibu. Katika mstari wa tatu, mzee Kalonji, fundi viatu, alitazama mikono yake.

Mama Kabedi alimwona. Yeye anajua mtu anayevuta pazia anafanana vipi.

Asubuhi yake alimpelekea Kalonji kiatu kibovu, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Hakuuliza kitu. Kalonji alishona, akachoma kidole, akaacha. Naye asili yake ni Kasai.

"Kile kiraka ni mukono yangu," akasema mwishowe kwa sauti ya chini. "Tairi ya kamyo ya mizigo, misumari mbili. Niliweka moja tu. Ni buti ya Tata René. Lakini mi nikisema, bataniambia nakinga ndugu yangu Muamba. Ile mwaka ya gare, tulisema ukweli. Nani alitusikiliza?"

"Hakuna," Mama Kabedi akasema. "Mi nilikuwa kwa dirisha. Nilimuona Mama Tshilombo anapita, na nilivuta rideau." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. "Tata Kalonji, ukisema, mi nitakaa pembeni yako. Mpaka kwa tribinali."

Kalonji aliweka kiatu chini. Kisha akafuta mikono. "Nipe ile namba."

Mignonne hakumdanganya. Alimweleza kwamba kupiga simu bila kutaja jina kunawezekana, lakini mbele ya hakimu ushahidi wenye jina una nguvu zaidi. Kalonji akatoa jina lake.

Polisi walikwenda kwa Tata René mchana, wakiwa na karatasi ya ruhusa ya kupekua, mbele ya mkuu wa mtaa na watu wote. Buti zilikuwa nyuma ya banda la kuku, zimeoshwa, lakini kiraka hakioshwi. Chini ya magunia ya mahindi kulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia chuma, jino lake moja limevunjika. Na chini ya mkasi, waya wote, umekunjwa vizuri. Hakuwa ameuchoma. Hakuweza, kwa sababu ya wale wanawake na pua zao. Hakuweza hata kuutoa nje, kwa sababu matanga yalikuwa njiani. Mkasi ulipelekwa kupimwa. Meno yake yalikuwa yaleyale yaliyouma shaba. Tata René, mtu wa kuazima watu vifaa, sasa anangoja hakimu. Hakuna aliyempiga. Mama Kabedi alisimama barabarani kuhakikisha hilo, na mara hii hakusimama peke yake: Kalonji alikuwa kushoto, Mama Josée kulia, na ufagio.

Waya ulikaa polisi mpaka ulipokwisha kupimwa na kupigwa picha. Kisha ukarudishwa kwa karatasi na sahihi. Muamba aliuunga Jumapili baada ya misa. Alipowasha, bomba lilikohoa, likatema hewa, likatema kutu, kisha maji yakaja, baridi, kwa nguvu, na bidoni ya kwanza ikaanguka kwa sababu mwenye kuishika alikuwa anaruka. Watoto waliingia chini yake na nguo zao za kanisa. Hakuna mama aliyewagombeza.

Ikabaki kuondoa matanga. Siku zote zile hapakuwa pamefagiwa. Kulikuwa na maganda, majani, nywele za kusukia, vipande vya utepe. Mechack alisogea. Alikuwa ameandaa maneno marefu mbele ya Muamba, akayasahau yote, akabaki kusema, "Shemeki, nilikosa." Mama Kabedi akachukua ufagio wa Mama Josée, akauweka mkononi mwa Mechack.

"Fagia," akasema.

"Mi, mwanaume?"

"Ulileta esanse kwa kilio. Fagia."

Akafagia mahali pote, mama yake akimwonyesha kona alizoruka. Muamba alicheka wa kwanza. Halafu akamletea maji ya kunyunyizia vumbi.

Sasa wewe. Bado umeshika karatasi. Iweke chini. Nenda kaulize namba ya polisi wanaopima alama kwenu. Kama hawapo, uliza kwa nini hawapo, uliza kwa sauti, uliza tena kesho. Ichukue namba hiyo, tafuta makaa jikoni, iandike ukutani, kubwa, hata kama saba yako imelala upande. Usingoje wizi. Usingoje tairi lianze kuviringishwa. Na siku utakaposikia kelele barabarani, vua kitambaa, toka nje, ukae chini mbele yao. Pazia lile ulilofunga, lifungue leo, kabla uji haujachemka.